Kitara cha Timu za Wanawake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiwasha televisheni katikati ya pambano la kitara la timu, utakuta taa mbili zimewaka, wanawake wawili wanapiga mayowe kana kwamba wote wameshinda, refa anaonyesha upande mmoja, na ubao unasomeka 32–27. Ukirudi baada ya robo saa, waliokuwa nyuma ndio wanaokumbatiana. Majibu haya ni kwa ajili ya mtazamaji wa namna hiyo. Kanuni zinazotajwa ni za FIE, shirikisho la kimataifa la mchezo wa upanga, lililoanzishwa Paris mwaka 1913 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi.

Kitara kinatofautianaje na silaha nyingine za mchezo huu?

Silaha ni tatu: foili, epe na kitara. Foili na epe huchoma kwa ncha tu. Kitara huchoma na kukata, na bapa lake lote lina kazi: ukimgusa mpinzani kwa makali, kwa ubavu, kwa mgongo au kwa ncha, taa inawaka. Eneo linalohesabiwa ni kuanzia nyonga kwenda juu, pamoja na mikono na kichwa. Ukimpiga mguuni hakuna kilichotokea. Mchezo hausimami, na huenda wakati huo huo yeye anakukata begani.

Chenyewe ni chepesi. Uzito haupaswi kufika gramu 500, na urefu wote hauzidi sentimita 105, bapa likiwa sentimita 88. Wepesi huo ndio unaofanya macho ya mgeni yashindwe kufuata.

Timu ina wachezaji wangapi?

Wanne. Watatu wanacheza, wa nne ni wa akiba.

Pambano la timu linaendaje?

Kila mchezaji wa timu moja hukutana na kila mchezaji wa timu nyingine, kwa hiyo kunakuwa na zamu tisa. Ni kama mbio za kupokezana vijiti, ila kijiti hapa ni matokeo yenyewe. Zamu ya kwanza huisha timu moja inapofikisha pointi 5. Jozi ya pili inaingia na matokeo hayo hayo na kuendelea mpaka timu moja ifike 10, ya tatu mpaka 15, na hivyo hivyo mpaka 45. Anayefika 45 ameshinda, hata kwa tofauti ya pointi moja.

Kila zamu ina kikomo cha dakika tatu, lakini katika kitara saa ni pambo tu. Pointi moja huchukua sekunde chache, na ni nadra sana muda kuisha. Kanuni za sare zipo pia, yaani dakika moja ya ziada na kura ya kuamua nani apewe ushindi ikiwa hakuna aliyegusa. Unaweza kutazama kitara miaka mingi bila kuziona zikitumika.

Kwa hiyo mchezaji mmoja anaweza kupata zaidi ya pointi tano katika zamu yake?

Ndiyo, na kama hujalielewa hili bado hujauelewa mchezo wa timu.

Watu wengi hudhani zamu moja ni pointi tano, basi. Sivyo. Kinachowekewa mpaka ni jumla ya timu. Timu yako ikiwa na 15 na wenzako wana 25, zamu ya sita itaisha mmoja akifika 30. Hao wenye 25 wanahitaji 5 tu kuifunga zamu. Wewe unahitaji 15, na kanuni haikukatazi kuzipata zote kabla hawajapata zao tano. Pengo la pointi kumi, ambalo katika michezo mingi lingetuma mashabiki nyumbani, hapa linaweza kufutwa na mtu mmoja aliyeamka vizuri.

Mfano halisi ni pambano la kugombea shaba katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Korea Kusini ilikuwa nyuma ya Italia 15–25. Kutoka hapo Wakorea walipata pointi 30 huku Italia ikipata 17, na pambano likaisha 45–42. Ndiyo maana mtazamaji mzoefu hazimi televisheni kwa 25–15. Hata kwa 40–33 angesubiri kidogo.

Nani anapanga mpangilio wa zamu?

Mpangilio umewekwa na kanuni. Timu moja hupewa namba 1, 2 na 3. Nyingine 4, 5 na 6, na ni kura inayoamua nani achukue upande upi. Kisha zamu zinakwenda hivi: 3 na 6, 1 na 5, 2 na 4, halafu 1 na 6, 3 na 4, 2 na 5, mwisho 1 na 4, 2 na 6, 3 na 5.

Kazi ya nahodha na kocha ni kuamua mchezaji yupi avae namba ipi, na hapo ndipo akili za benchi zinapopimwa. Utaona kwamba namba 3 hufungua pambano na pia hulifunga. Namba 5, anayefunga kwa upande wa pili, hasubiri sana naye: anaingia zamu ya pili, ya sita na ya tisa. Timu nyingi humweka mwanamke wao mwenye roho ngumu kuliko wote katika nafasi ya kufunga. Simaanishi lazima awe bora kuliko wenzake kwenye orodha ya ubora wa dunia. Kuna wachezaji wenye mbinu nzuri ambao ukiwapa zamu ya tisa matokeo yakiwa 40–39, miguu inakuwa mizito.

Mchezaji wa akiba anaingia wakati gani?

Kati ya zamu, si katikati ya zamu, isipokuwa kwa jeraha. Nahodha anapaswa kutangaza badiliko mapema, kabla haijaanza zamu inayotangulia ile ya mchezaji anayetoka. Maana yake kocha hawezi kungoja aone zamu inayochezwa imeishaje ndipo aamue, anabashiri. Kwa hiyo ukiona akiba ameingia na mambo yameharibika, usimlaumu kocha haraka. Alipoamua, ubao ulikuwa unasema kitu kingine.

Taa zote mbili zimewaka. Mbona pointi amepewa mmoja?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Kitara, kama foili, kinafuata haki ya shambulio. Wakigusana wote wawili, pointi ni ya yule aliyekuwa na haki, na haki hiyo inahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu za wazi. Wa kwanza kuanza kushambulia, mkono ukinyooka na silaha ikitishia eneo la mpinzani, anayo haki. Mpinzani akikinga, yaani akilipiga au akilizuia bapa linalokuja kwa bapa lake, haki inahamia kwake na anaweza kujibu. Shambulio likiishia hewani, au mshambuliaji akisita, haki imemponyoka. Na mpinzani akiamua tu kupiga bila kukinga wakati shambulio linaendelea, anacheza kamari: atapata pointi ikiwa tu shambulio lile litakosa.

Tazama pointi moja kwa utulivu. Wachezaji wanasimama kwenye mistari yao, mita nne kati yao, katikati ya ulingo wenye urefu wa mita 14. Refa anasema kwa Kifaransa, "En garde. Prêts? Allez!" Wote wanaruka mbele. Hatua mbili tu, na tayari wako karibu kiasi cha kugusana. Mmoja ananyoosha mkono na kujitupa kwa hatua ndefu. Mwingine, ambaye nusu sekunde nyuma alikuwa anakuja, anavunja mwendo na kurudi. Ncha inapita sentimita chache mbele ya kifua chake. Shambulio limekufa. Sasa aliyerudi ndiye anayekuja, na aliyejitupa yuko chini, goti limekunjika, anahangaika kurudisha uzito nyuma. Anajaribu kukata huku akirudi. Taa mbili. Refa anaeleza kwa mikono: shambulio la huyu limekosa, shambulio la yule limegusa, pointi. Yote hayo yamechukua muda usiotosha kutamka sentensi hii.

Wote wakianza kwa pamoja na kugusana kwa pamoja, hakuna pointi. Wanarudi kwenye mistari. Hili linaweza kutokea mara tatu au nne mfululizo na mgeni akadhani mtambo umeharibika. La hasha. Kila mmoja anamsubiri mwenzake abadili nia kwanza.

Kuna na jambo la ncha iliyonyooshwa: mchezaji akisimamisha mkono ulionyooka na ncha ikielekea eneo halali kabla mpinzani hajaanza, mshambuliaji analazimika kuliondoa bapa hilo njiani kwanza. Wanaojaribu ni wachache, kwa sababu mchezaji mzuri ataligonga pembeni bila kupunguza mwendo. Ila likifanikiwa, ukumbi mzima unasimama.

Mtambo unajuaje nani amegusa kwanza?

Mtambo haujali sana nani wa kwanza. Koti la nje la kitara limefumwa kwa nyuzi za chuma, barakoa inapitisha umeme, na glavu ya mkono wenye silaha ina mkunjo wa chuma. Bapa likigusa, mkondo unapita na taa inawaka, nyekundu upande mmoja na kijani upande mwingine. Baada ya mguso wa kwanza, mpinzani ana milisekunde 170 za kugusa pia kabla mtambo haujamfungia. Akiwahi, taa zote mbili zinawaka na kazi ni ya refa. Akichelewa, yake haiwaki.

Zamani muda huo ulikuwa milisekunde 120. FIE iliuongeza mwaka 2016. Milisekunde 50 zinaonekana si kitu, lakini ziliwapa nafasi waliokinga kufikisha jibu lao, na makocha wakalazimika kufundisha upya. Umeme wenyewe uliingia kwenye kitara kwa kuchelewa kuliko kwenye foili na epe. Olimpiki ya kwanza kuutumia kwa kitara ni Barcelona 1992. Kabla ya hapo waamuzi wa pembeni walikuwa wakikodoa macho na kubishana.

Kwa nini wanapiga kelele hivyo?

Sehemu ni furaha, sehemu ni kujipa moyo, na sehemu, tusidanganyane, ni kumshawishi refa. Taa mbili zikiwaka, anayegeuka na kupiga ukelele ngumi ikiwa juu anajaribu kumwambia refa kwamba jambo hili halina mjadala. Marefa wa kimataifa wamezoea. Binafsi napenda zaidi wale wanaoondoa barakoa kimya na kumtazama refa tu; jicho hilo lina uzito kuliko mayowe.

Mchezaji anaweza kupinga uamuzi?

Anaweza kuomba picha za video zitazamwe. Anachora mraba hewani kwa vidole, refa anakwenda kwenye skrini, na refa mwingine wa video anashauriana naye. Maombi yana kikomo. Ukionekana ulikuwa sahihi, ombi lako linabaki; ukikosea, umelipoteza. Wapo wanaoomba kwa sababu wanahitaji kuhema tu, na kila mtu ukumbini anajua. Refa hatoki katika nchi yoyote kati ya mbili zinazopambana.

Kadi zina maana gani?

Njano ni onyo. Nyekundu humpa mpinzani pointi. Nyeusi ni kufukuzwa. Katika timu kuna mtego mmoja zaidi: wachezaji wasio ulingoni na kocha wao wana eneo lao lililowekewa mipaka, na kulitoka wakati zamu inaendelea kunaadhibiwa. Utaona kocha amesimama ncha ya vidole kwenye mstari, akipayuka, lakini havuki.

Kurudi nyuma mpaka miguu yote miwili ivuke mstari wa mwisho wa ulingo si kosa la kadi, lakini mpinzani anapewa pointi. Kwa mchezaji anayesukumwa, zile mita chache za mwisho ni fupi mno.

Kwa nini hawakimbii mbele?

Wamekatazwa. Katika kitara mguu wa nyuma hauruhusiwi kuupita wa mbele unapokwenda mbele. Ukipita, mguso wako unafutwa na unaonywa. Katazo hilo liliingia miaka ya 1990, pale kitara kilipokuwa kimegeuka mashindano ya kukimbiliana. Ndiyo sababu unaona ile miruko mirefu ambayo miguu inakaa sambamba hewani. Kurudi nyuma kwa kuvusha miguu kunaruhusiwa.

Je, wanaumia?

Michubuko na alama nyekundu kwenye mkono na mgongo ni jambo la kila siku. Kuchomwa vibaya ni nadra, kwa kuwa mavazi ya mashindano ya FIE lazima yastahimili nguvu ya nyutoni 800, na kitambaa cha shingoni kwenye barakoa nyutoni 1600. Wanawake ni lazima pia wavae kinga ngumu ya kifua chini ya koti. Majeraha yanayowatoa watu mchezoni ni ya vifundo, magoti na misuli ya paja, kwa sababu mzigo wote wa kusimama ghafla na kugeuza mwelekeo uko miguuni.

Wanawake walianza lini kucheza kitara kimataifa?

Wamecheleweshwa, na hakuna neno laini la kulisema hilo. Kitara cha wanaume kilikuwepo Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896. Wanawake waliruhusiwa foili mwaka 1924, wakasubiri epe mpaka 1996, na kitara mpaka Athens 2004: miaka 108 baada ya wanaume. Ubingwa wa dunia wa kitara cha wanawake ulianza Seoul mwaka 1999, mmoja mmoja na kwa timu, na Italia ndiyo iliyobeba ubingwa wa kwanza wa timu.

Kwa timu katika Olimpiki, mwanzo ni Beijing 2008, na waliotaka ushahidi kwamba mchezo huu unafaa kuonyeshwa waliupata siku hiyo. Ukraine iliishinda China 45–44 mbele ya Wachina wenyewe. Katika timu ile alikuwemo msichana wa miaka 17, Olga Kharlan. Mkumbuke.

Baada ya Beijing, mbona siyaoni mashindano haya ya timu London 2012?

Kwa sababu hayakuwepo. Wakati huo mchezo wa upanga ulipewa nafasi za medali 10 tu, kwa hiyo kila Olimpiki mashindano mawili ya timu yaliachwa kwa zamu. London ikawa zamu ya kitara cha timu cha wanawake kukaa nje. Kim Ji-yeon wa Korea Kusini alishinda dhahabu ya mmoja mmoja mwaka huo na hakuwa na mashindano ya timu ya kucheza. Tangu Tokyo mashindano ni 12 na hakuna anayeachwa.

Nchi zipi zina nguvu?

Urusi ilishinda Rio 2016 kwa kuichapa Ukraine 45–30, na ikashinda tena Tokyo dhidi ya Ufaransa, 45–41, ikicheza kwa jina la kamati yake ya Olimpiki. Paris 2024 haikuwa na timu ya Urusi. Wanamichezo wachache wa nchi hiyo waliokubaliwa kwenye michezo ile waliingia mmoja mmoja bila bendera. Zaidi ya hao kuna Ukraine, Ufaransa, Korea Kusini, Italia, Hungaria, Japani na Marekani. Marekani ilichukua shaba Beijing na Rio. Katika timu ya Rio alikuwemo Ibtihaj Muhammad, mwanamke wa kwanza wa Marekani kushindana Olimpiki akiwa amevaa hijabu.

Nchi yenye wachezaji bora mmoja mmoja si ndiyo itashinda kwa timu?

Waulize Wafaransa. Paris 2024, nyumbani kwao, fainali ya mmoja mmoja ilikuwa ya Wafaransa watupu: Manon Apithy-Brunet akachukua dhahabu, Sara Balzer fedha. Siku chache baadaye timu yao, ikiwa na wote wawili, ilitolewa na Korea Kusini nusu fainali 45–36, kisha ikapoteza shaba mbele ya Japani 45–40. Wakorea hawakuwa wamepata hapo Paris medali hata moja ya mmoja mmoja katika kitara cha wanawake.

Mashindano ya mmoja mmoja yanamruhusu mchezaji kuwa na kasi yake mwenyewe. Ya timu yanamrithisha matokeo aliyoyaacha mwingine, kisha yanamkalisha benchi dakika nyingi mwili unapoa, halafu yanamrudisha. Anayekwenda mmoja mmoja akianza vibaya ana pointi 15 za kujirekebisha. Kwenye timu, ukichelewa kuamka, zamu imeisha.

Fainali ya Paris 2024 ilikuwaje?

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Agosti, chini ya paa la kioo la Grand Palais. Ukraine dhidi ya Korea Kusini. Ukraine walikuwa Olga Kharlan, Alina Komashchuk, Olena Kravatska na Yuliia Bakastova. Korea walikuwa Yoon Ji-su, Jeon Ha-young, Choi Se-bin na Jeon Eun-hye.

Zamu ya nane ilipoisha Korea ilikuwa mbele 40–37. Zamu ya tisa: Kharlan, miaka 33, na Jeon Ha-young. Korea ilihitaji 5, Ukraine 8. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, na mpinzani kijana mwenye kasi, wengi wangejaribu kuharakisha. Kharlan hakuharakisha. Alimwacha Jeon aje, akatoa nafasi kidogo, akachukua haki ya shambulio mara baada ya mara. Zamu ile iliisha 8–2 kwake, pambano 45–42. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Ukraine katika michezo ile, na kwa Kharlan ilikuwa medali ya sita ya Olimpiki, baada ya dhahabu ya Beijing, shaba ya London, fedha na shaba za Rio, na shaba ya mmoja mmoja aliyoichukua Paris siku tano kabla.

Kama una nafasi ya kutazama pambano moja tu la kitara la timu, tafuta hilo, na utazame miguu ya Kharlan badala ya mkono wake.

Kile kisa cha kukataa kupeana mkono kilikuwa nini?

Ubingwa wa dunia, Milan, 27 Julai 2023. Kharlan alimshinda 15–7 Anna Smirnova, Mrusi aliyeshiriki bila bendera. Kanuni wakati huo ilitaka wapeane mkono. Kharlan alinyoosha kitara ili wagusanishe mabapa. Smirnova hakukubali na akabaki ulingoni muda mrefu. Kharlan akapewa kadi nyeusi na kuondolewa mashindano ya mmoja mmoja.

Hatari ilikuwa kwa timu pia, kwa maana pointi za kufuzu Paris zilikuwa zinapigwa hesabu. FIE iliondoa adhabu hiyo, akacheza na timu, na rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wakati huo, Thomas Bach, akamhakikishia nafasi Paris ikiwa hatafuzu kwa njia ya kawaida. Kanuni ikabadilishwa: sasa saluti kwa mbali inatosha. Yapo mengi ya kubishania hapo, lakini kanuni iliyomwadhibu mtu kwa kutoa bapa badala ya kiganja ilistahili kuondoka.

Afrika iko wapi katika haya?

Ipo, hasa kaskazini. Azza Besbes wa Tunisia alifika fainali ya ubingwa wa dunia Leipzig mwaka 2017 na kupata fedha, akifungwa na Kharlan huyo huyo. Timu ya wanawake ya Algeria ilifuzu Paris 2024. Katika michezo hiyo hiyo Nada Hafez wa Misri alishindana mmoja mmoja akiwa na mimba ya miezi saba na akashinda pambano lake la kwanza. Cairo iliandaa ubingwa wa dunia mwaka 2022, na Algiers na Tunis zimekuwa zikiandaa mashindano ya kimataifa ya kitara cha wanawake.

Kuna na kisa cha uchungu. Mwaka 2004 Nigeria ilikuwa na mchezaji aliyefuzu, lakini kamati yake ya Olimpiki ikaamua kutompeleka. Nafasi ikaenda kwa Mmarekani aliyekuwa anafuata kwenye orodha, Mariel Zagunis. Akatoka Athens na dhahabu ya kwanza kabisa ya kitara cha wanawake.

Timu zinafuzuje Olimpiki?

Kwa orodha ya ubora ya FIE. Nne za juu zinaingia moja kwa moja. Kisha inachukuliwa timu bora inayofuata kutoka kila kanda, yaani Ulaya, Amerika, Afrika, na Asia pamoja na Oseania, mradi iwe ndani ya 16 bora. Jumla nane. Timu ikifuzu, wachezaji wake watatu wanapata nafasi ya mmoja mmoja pia, ndiyo sababu mashirikisho yanatumia nguvu nyingi kwa timu kuliko mtazamaji anavyodhani.

Timu ikifungwa mapema inarudi nyumbani?

Mara nyingi hapana. Zinazofungwa robo fainali huendelea kucheza kuamua nafasi ya tano mpaka ya nane, na kwenye ubingwa wa dunia michezo ya nafasi hushuka chini zaidi. Ukumbini viti huwa vitupu, kamera zimehamia kwingine, lakini wanaocheza hawapoi: tofauti ya nafasi ya tano na ya nane ni pointi za orodha, na orodha ndiyo itakayoamua nani akutane na nani mashindano yajayo.

Pambano zima huchukua muda gani?

Karibu robo tatu ya saa, pamoja na video, kubadilishana waya unaomuunganisha mchezaji na mtambo wa taa, na kupumua. Muda ambao vitara vinagongana kwa kweli ni dakika chache tu.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze kutazama nini?

Usianze na silaha, huzioni. Tazama pengo kati ya wachezaji: nani analifupisha, nani analirefusha. Baada ya kila pointi jaribu kutaja mwenye haki kabla refa hajanyoosha mkono. Mwanzoni utakosea, kisha utaanza kupatia. Angalia pia zile sekunde kati ya zamu, mchezaji anayetoka anapomwambia anayeingia neno moja au mawili huku akimpisha kwenye waya. Yaliyosemwa hapo huyasikii, lakini utayaona: kama zamu iliyopita mpinzani alikuwa anakatwa akija, anayeingia atarudi hatua mbili mara tu refa aseme "Allez".